Donge la Pamba Kwenye Ungo wa Mpole

Ukipita njia ya kutoka Kabambare kwenda Wamaza, miaka ile vita vya pili vilipokwisha, usingehitaji kuuliza nyumba ya Léocadie. Ungeonyeshwa tu. Haikuwa nyumba ya kushangaza macho: ukuta wa udongo, paa la nyasi, na mbele yake vichanja vinne vya kuanikia pamba. Lakini msimu wa kuchambua ulipofika, watu walibeba pamba yao vichwani, wakavipita vichanja vyao wenyewe, wakaja kuchambulia kwake. Monitere wa pamba, aliyetumwa na Wabelgiji kuhakikisha kila nyumba imelima sehemu yake upende usipende, aliuona umati ule akaandika kwamba watu wa kijiji hiki wanapenda kazi. Maskini, alijidanganya. Hakuna aliyeipenda ile pamba. Walipenda mdomo wa Léocadie.

Alikuwa mjane wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye pengo la jino la mbele na sauti ambayo hakuipandisha kamwe. Wewe msikilizaji ndiye uliyesogea. Hadithi zake alizirithi kwa mama yake, Mbangubangu wa kule kule, nazo zilikuwa za aina moja: hadithi za kuamuliwa. Msimulizi anawaweka watu wake njiani, anawagombanisha, na ugomvi ukishaiva anauliza nani mwenye haki, halafu anafunga mdomo. Kazi yake imekwisha. Wanaobaki kupasuana koo ni wasikilizaji. Kwa Léocadie kulikuwa na desturi moja zaidi. Aliweka nyungo mbili juu ya mkeka, kila ungo na jina lake, na kila mtu aliokota donge moja la pamba yenye madoa, ile isiyofaa kuchanganywa na nyeupe, akalitupa kwenye ungo wa yule anayemlaumu. Yeye mwenyewe hakutupa. Hayo ndiyo yalikuwa majivuno yake makubwa. Misimu saba watu walikuwa wamemtega, wamembembeleza, hata pombe ya ndizi wamemnywesha, na hakuna aliyewahi kujua Léocadie yuko upande gani.

Hadithi ya msimu huu tunaouzungumzia ilikuwa ndefu, akaigawa vipande vipande, kila alasiri kipande chake. Wanaume watatu walitumwa na kijiji chao kuirudisha ngoma kubwa iliyochukuliwa ng'ambo ya msitu. Wawili aliwaita Mkali na Mpole. Wa tatu alimwita Wa Shimoni, kwa sababu kabla ya safari alikuwa ameanguka katika shimo la mtego, na ndani ya shimo lile chui alikuwa ametangulia. Siku tatu mtu na chui walitazamana. Chui hakumla. Walipomtoa alikuwa mzima wa mwili, lakini hakuwa tena yule waliyemjua. Alificha chakula chini ya majani. Hakukubali mtu akae wala atembee nyuma yake. Ukimgusa bega bila kumwita kwanza, alikurukia. Huyo ndiye mwenzao wa njia, na njia ilikuwa ya mwezi mzima.

Mkali alimsumbua tangu mlangoni pa nyumba. Zamu ya kuni ikifika, "Ni yako, nenda." Mzigo, "Ni wako, beba." Akimwaga maji anatukanwa mbele ya miti yote. Mpole yeye alimbebea mzigo, alimchotea maji, alimkalisha mahali pazuri penye kivuli. Na kwa Mkali, kwa wenyeji waliowapokea njiani, kwa kila aliyetaka kumtuma Wa Shimoni hata kuokota kijiti, Mpole alisema maneno yale yale: "Mwacheni, amechoka."

Basi wewe fikiria mwenyewe mapenzi yaliyomwangukia Mpole. Kila Léocadie alipofikia yale maneno, wanawake waliyasema pamoja naye huku mikono ikichambua. Mama Mathilde, aliyezika waume wawili na hakuwasifu hata mmoja, alisema Mungu akimpa wa tatu aliye kama Mpole, hatamnyima kitu. Ungo wa Mkali ulifurika kila siku mpaka ikabidi umwagwe. Ungo wa Mpole mtu angeweza kupepetea mchele ndani yake, ulivyokuwa safi.

Na mambo hayakuishia kijijini. Kila wiki ya pili alikuja Aziza kwa kamio, lori la mizigo, kutoka Kasongo, mwanamke wa zile familia za Kiislamu za zamani, kuuza chumvi na vitambaa. Alikuja na mizigo miwili na kurudi na mitatu, kwa kuwa hadithi nayo aliibeba. Aliisimulia Kasongo sokoni, akaisimulia Nyangwe alikokwenda kununua samaki, kisha akamletea Léocadie habari za kule.

"Dada Léocadie, unajua umefanya nini?" alisema siku moja hata kabla ya kushusha chumvi. "Wapiga makasia wa Nyangwe wamekata neno: Mkali atupwe mu mto Lualaba. Kule Kasongo mafundi wawili wa cherehani hawasemeshani tena, juu mumoja alisema Mkali iko na haki kidogo. Kidogo tu! Na dada yangu Hawa anamutumia Mpole salamu."

"Mpole hana masikio, Dada Aziza. Nilimutoa mu kinywa."

"Basi zifikishe mu kinywa."

Léocadie aliinamisha macho kwenye pamba kama mtu asiyejali. Moyoni alikuwa amevimba. Mwanamke asiyejua kusoma, aliyefika Kasongo mara mbili tu maishani mwake, sasa anagombanisha mafundi wa cherehani wa mjini! Nani asingevimba?

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Safari hii, kwa mara ya kwanza, alikuwa na upande. Mpole alikuwa yeye mwenyewe. Wa Shimoni alikuwa Hippolyte, mdogo wake.

Ni yeye aliyemlea Hippolyte tangu mama yao alipokufa. Alimbeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado msichana, akamfunza kutembea, akampigania vita vyake vyote vya utotoni. Kijana akakua akawa mtu wa nyavu za kuwindia ambaye kijiji kilimtaja kwa jina. Mwaka wa arobaini akachukuliwa uaskari, akaenda Uhabeshi na kupita huko, akarudi baada ya miaka mitano na nishani moja, blanketi moja, na mikono inayotetemeka. Alikaa ameegemeza mgongo ukutani. Njiani alimtanguliza dada yake, kila siku, hata kwenda kisimani; hakuvumilia nyayo nyuma yake. Vita alivisema mara moja tu, kwa maneno machache: walikuwa wameketi chini mlimani, wamekatazwa kusema, wakisikia kelele za wale wengine zinakuja kwao kidogo kidogo, na waliokuwa kulia na kushoto kwake hawakuinuka tena.

Sasa, anayejua uwindaji wa nyavu ataelewa mara moja ubaya wa jambo hili. Wakati wa kiangazi wanaume huunganisha nyavu zao, moja na nyingine, mstari mrefu unaozunguka kichaka. Kila mwenye wavu anajificha nyuma ya wavu wake, kimya, haruhusiwi hata kukohoa. Halafu kutoka upande wa pili wenzao wanaingia kichakani na mbwa waliofungwa kengele za mti shingoni, wanapiga makelele, wanapiga miti, wanakuja. Kazi ya mtu wa wavu ni kuketi na kungoja kelele zile zimfikie. Kiangazi cha kwanza baada ya kurudi, Hippolyte aliketi, akangoja, na kelele zilipokaribia akaruka wavu wake mwenyewe akamkamata shingo mtu wa kwanza aliyetokea majanini. Alikuwa Antoine, rafiki yake wa tangu zamani, anayekuja na mbwa. Ilihitaji watu wanne kumwondoa.

Hakuna aliyemfukuza. Ni Léocadie mwenyewe aliyekwenda siku ile ile kwa Dominique, mkuu wa nyavu na ndugu wa marehemu mumewe, akaufungua wavu wa Hippolyte kutoka mstarini kwa mikono yake, akaukunja, akaupeleka nyumbani akautundika juu ya meko. "Mwacheni, amechoka," aliwaambia wanaume. Ndipo maneno yale yalipozaliwa. Tangu hapo alimfanyia kila kitu. Alimlimia, alimchotea, alimjibia hata salamu. Nyama ilipopatikana, Hippolyte hakuitwa jina lake mbele ya watu kuchukua fungu la mwenye wavu. Aliletewa nyumbani ndani ya majani, kama wanavyoletewa wageni na vikongwe. Aliila, akasema asante.

Dominique peke yake hakukubali kunyamaza. Alikuwa mtu mfupi mwenye kifua kipana na adabu ndogo, na kila wiki alisimama njiani mbele ya nyumba akapiga kelele: "Hippolyte! Wavu yako inaoza! Unangoja nini, weye? Unangoja ikuzalie watoto?" Léocadie alitoka na mwiko mkononi akamfukuza. Kisha akalipiza kisasi kwa silaha aliyokuwa nayo: alimtia kwenye hadithi. Mkali alipewa kifua cha Dominique, alipewa ile tabia ya Dominique ya kutema mate kabla ya kusema, na kila mtu vichanjani alimtambua akacheka. Dominique alikuja hivyo hivyo kila alasiri na pamba yake, akaketi mbele, akatazama ungo wake ukijaa. Alitema mate.

Siku ya mwisho ya kuchambua ikafika, kesho yake ikiwa soko la pamba. Kila mtu alijua kinachofuata soko: nyasi zinachomwa, na Dominique anapanga mstari wa nyavu wa mwaka. Desturi ilikuwa kwamba nafasi iliyokosa mtu kiangazi kizima hupewa mwingine, na aliyepewa hanyang'anywi tena maisha yake. Nafasi ya Hippolyte, ya tatu kutoka kwa Dominique, ilikuwa inasubiriwa na Roger, mdogo wa Antoine, kijana aliyeoa juzi na mwenye wavu mpya. Léocadie alilijua hilo vizuri. Alikuwa amejiambia kwamba ni bora hivyo, lipite, likwishe, mdogo wake apumzike moja kwa moja. Usingizi wake haukukubaliana naye, lakini yeye alijiambia.

Alasiri ile Aziza alikuwepo. Kamio yake ilikuwa inaondoka asubuhi na Kasongo walikuwa wanangoja mwisho. Hippolyte alikuwa pale pale pake, mgongo ukutani, anachambua kimya kama alivyochambua msimu wote. Léocadie akaanza, na wote wakasogea.

Wale watatu, alisema, wamefika kwenye mto wa mwisho. Ng'ambo iko ngoma, na walinzi wake. Mpole amejenga kibanda kizuri, ametandika majani laini, ameweka chakula cha siku kumi. Anasema: abaki hapa, apumzike, tutampitia tukirudi. Mkali anatema mate. Anasema: ataingia kwenye maji pamoja na sisi, hata kama atatuharibia kazi yote, kwa maana alitumwa kama tulivyotumwa. Wanagombana mpaka jua linageuka. Na Wa Shimoni ameketi katikati yao, anawatazama.

"Nani kati ya wale wawili alimpenda?" aliuliza Léocadie, akafunga mdomo.

Ilikuwa mvua ya madonge. Yote kwa Mkali. Mathilde alitupa mawili, la pili kwa niaba ya marehemu mumewe wa kwanza, "hata yeye angeona." Aziza alitupa lake kwa niaba ya Nyangwe yote. Watu walikuwa wanacheka na kumtazama Dominique pembeni ya jicho, na Léocadie alikuwa amejaa furaha ile ya mtu aliyepika na kuona sufuria imekwanguliwa.

Halafu Hippolyte akainuka. Aliacha ukuta, jambo ambalo peke yake lilitosha kuwanyamazisha. Alikuja na donge moja mkononi, mkono unatetemeka, akalitupa. Lilianguka kwenye ungo mtupu wa Mpole.

"Aa, Hippolyte," alisema Mama Mathilde kwa upole, "umekosea ungo, mutoto yangu."

"Sikukosea, mama." Sauti yake ilikuwa kavu kwa kukaa bila kazi. "Kule mu shimo, chui alimuacha muzima. Ule Mpole ndiye alimumaliza."

Akaendelea, akitazama nyungo, si watu.

"Muliona Wa Shimoni alisema neno tangu waliondoka kwao? Hata moja? Yaya, dada yangu mukubwa, hakumupa. Sababu kila siku anataka kufungua kinywa, Mpole amekwisha kujibu. Mukono yake inatetemeka, ndiyo. Basi Mpole akamukata mukono. Akatandika majani, akamukalisha pale, anangoja afe na shibe. Ule Mkali anamutukana, ni kweli. Lakini anamutukana sawa mutu mwenye iko na kazi. Mutu mwenye hana kazi, nani atajisumbua kumutukana?"

"Mwacheni, mwacheni," Mathilde aliwaambia watu haraka, mikono hewani, "amechoka."

Na Léocadie akasikia. Maneno hayo hayo yalikuwa tayari yamefika ulimini mwake. Mathilde alimtangulia tu kwa pumzi moja. Ilikuwa kama kusikia mtu mwingine amevaa nguo zako na kuziona, kwa mara ya kwanza, zilivyo mbaya. Uso ulimwaka. Alimkasirikia Mathilde, akamkasirikia Hippolyte, na hasira zote mbili hazikupata mahali pa kukaa.

Roger ndiye aliyedakia, na alikuwa na kinyongo cha muda mrefu. "Basi leo tusikie! Weye unataka kazi? Nafasi yako iko wazi toka mwaka jana! Shemeji yako Dominique alikataa tuiunge. Alijaza matawi tu, eti mwenyewe atarudi. Pongo mbili zilipita pale, wote tuliziona, tukarudi na vikapu wazi juu yako!"

Léocadie aligeuka. "Shemeji, ni kweli? Hukuunga?"

Alikuwa ameamini kwamba nyavu za pande mbili zilivutwa zikaziba pengo siku ile ile aliyoondoa wavu. Kiangazi kizima wanaume walikuwa wamemlaumu Dominique kwa nyama iliyopotea, na yeye kila alasiri alikuja hapa kulaumiwa mara ya pili na wanawake.

Dominique alitema mate. "Nafasi ni ya mutu," alisema. "Mutu iko muzima. Mi nitaiunga namna gani?"

Wakati huo wote walikuwa wanamtazama msimulizi, kwa sababu mgogoro kama huu ulikuwa haujawahi kutokea vichanjani na hawakujua desturi inasemaje. Léocadie aliangalia rundo la pamba mbaya mbele yake. Misimu saba. Aliokota donge moja, lenye doa kubwa la manjano, akalishika kidogo. Kisha akalitupa kwenye ungo wa Mpole, likalala karibu na la mdogo wake. Aziza alijifunika mdomo kwa kitambaa.

Hakuwapa nafasi ya kusema. Aliingia ndani, akapanda kigoda, akauteremsha wavu juu ya meko. Ulikuwa mweusi kwa moshi na panya walikuwa wameula pembe moja. Mikononi mwake ulikuwa mzito kuliko alivyokumbuka, na katika ule mwendo mfupi wa kutoka ndani kwenda nje alitaka mara tatu kugeuka aurudishe. Aliogopa. Alimwona Antoine tena na shingo yake mikononi mwa Hippolyte. Lakini alitoka, akautupa mbele ya miguu ya ndugu yake, akajilazimisha kusema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, sauti ya juu:

"Hii wavu yako imeoza pembe! Shona! Nani atakushonea, mimi? Mi niko na pamba!"

Alisema vibaya, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwingine. Hippolyte alimtazama. Kisha akaketi pale pale katikati ya watu, mbali na ukuta, akaanza kutafuta tundu kwa vidole vyake vinavyotetemeka. Roger alinung'unika, akajichukulia pamba yake, akaondoka. Baada ya muda Antoine, aliyekuwa ameketi nyuma ya umati, alisogea na kuanza kumsokotea kamba.

Nyasi zilichomwa wiki iliyofuata. Siku ya nyavu, wanawake walifuata nyuma ya wapiga kelele na vikapu vyao kama kawaida, na Léocadie alikuwa mmoja wao. Antoine alikuwa mbele na mbwa. Alikuwa amekataa kubadilishwa. Kengele za mti zikaanza, miti ikapigwa, makelele yakajaa kichaka, na kila hatua Léocadie alijua kelele hizi zinakwenda kumfikia nani. Alijikuta ananong'ona hapana, hapana, bado kidogo, keti.

Halafu, kutoka upande wa nyavu, mahali ambapo haruhusiwi mtu hata kukohoa, alisikia sauti ya Dominique inatukana.

Ilikuwa inatukana mfululizo, bila kupumua. "Keti, weye mujinga! Shika kamba! Ile ni Antoine, unasikia sauti yake mubaya, ni Antoine tu na mbwa yake yenye upele! Usiinuke! Nitakuvunja miguu! Shika kamba, muvivu weye, shika!" Kichaka kizima kilimsikia. Wanyama nao walimsikia. Pongo dume, aliyekuwa anakwenda moja kwa moja kwenye nyavu zao, aligeuka, akakimbia mpaka mwisho wa mstari, akaingia kwenye wavu wa Roger, ambaye alikuwa amepangwa kule. Mkuu wa nyavu alikuwa amevunja sharti lake mwenyewe, la kwanza kabisa, mbele ya wote.

Léocadie alipofika alimkuta Hippolyte ameketi. Jasho lilikuwa limemlowesha kama aliyetoka mtoni, kamba ilikuwa imemkata kiganja, na alikuwa amefumba macho. Lakini alikuwa ameketi nyuma ya wavu wake, na wavu ulikuwa mahali pake, wa tatu.

Wakachinja, wakakata, wakatandika majani. Walipatikana paa wawili na yule pongo. Dominique aliita majina kwa utaratibu wa nyavu, na alipofika wa tatu aliita kwa sauti ile ile ya wengine: "Hippolyte." Kisha akaongeza, akitema mate, "Uliketi vibaya."

Hippolyte alilichukua fungu lake. Alilipima mkononi.

"Na weye, shemeji," alisema, "ulipiga kelele sawa mama mwenye kuuza samaki. Nyama yote ya Kabambare sasa iko Wamaza."

Walicheka mpaka mbwa wakabweka. Roger mwenyewe alicheka, naye ndiye mwenye pongo. Dominique hakucheka, aligeuza uso, akajishughulisha sana na kisu ambacho tayari kilikuwa safi. Léocadie alisimama na kikapu chake akahisi kifua kinamfurika, na hakuinamisha macho safari hii. Alimtazama kila mtu usoni: huyu ni ndugu yangu, ametukana mtu leo.

Aziza alipokuja na kamio yake alitaka kujua wale watatu walifanyaje mtoni. Nyangwe hawalali, alisema, na mafundi wa cherehani sasa wamekuwa maadui wanne. Léocadie alimwambia amuulize Hippolyte. Lakini hayo ni ya baadaye.

Siku ile walirudi nyumbani kwa njia nyembamba inayopita kati ya nyasi zilizoungua. Hippolyte alikuwa na wavu begani na nyama mkononi, damu inamtiririka kwenye kifundo cha mkono unaotetemeka. Mara moja Léocadie alinyoosha mkono kumpokea. Akaurudisha, akaushika kwa mkono wa pili mgongoni mwake.

"Yaya, tembea," alisema Hippolyte bila kugeuka. "Nyama itaharibika."

"Natembea."

Walikuwa wamepita shamba la pamba la Mathilde, wamefika karibu na kisima, ndipo alipotambua kwamba anaona mgongo wa mdogo wake. Tangu walipoacha kichaka alikuwa anatembea nyuma yake, nyayo zake zinasikika wazi juu ya majivu, na Hippolyte alikuwa anaendelea tu kwenda mbele.